Kope inayoshuka jioni: jibu kwa dereva wa Malaba

Swali: "Daktari, salaam. Mimi ni dereva wa trela, nina miaka 53, naishi Malaba upande wa Uganda. Ni mwezi wa nane sasa kope ya juu ya jicho langu la kulia imelegea. Asubuhi nikiamka iko sawa, hata mke wangu hawezi kujua. Nikikaribia Jinja jua likizama, imeshuka mpaka naendesha nimeinua kidevu ili nione barabara. Usiku taa za gari linalokuja naziona nne. Taniboi wangu ananiambia mzee unasinzia, na tajiri wa gari anafikiri nimeanza kunywa. Kliniki moja walinipa miwani, nyingine wakasema ni uzee. Mama mmoja alinichanja chale juu ya nyusi akapaka dawa, haikusaidia. Sasa kuna mtu amenieleza kwamba Kampala wanaikata kope na kuipandisha, akanitajia na bei. Niuze ng'ombe nikafanyiwe?"

Ndugu yangu, ng'ombe wako mwache malishoni kwanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: asubuhi iko sawa, na taa naziona nne. Kope iliyolegea kwa uzee haiendi kulala mbovu ikaamka nzima. Tena kope peke yake, hata ikishuka namna gani, haigeuzi taa mbili kuwa nne. Kazi yake ni kuziba. Mtu akiona vitu viwili viwili, maana yake macho yake hayatazami mahali pamoja: ile misuli inayozungusha jicho nayo imelegea. Sasa kope ikichoka pamoja na misuli hiyo, kisha usingizi wa usiku mmoja ukairudishia nguvu, ugonjwa wa kwanza kunijia kichwani ni miasthenia gravis. Sijakuona wala sijakupima, kwa hiyo sikuhukumu nao. Lakini mpaka upimwe, ujulikane upo au haupo, mtu yeyote asikuguse kope kwa kisu.

Kope yenyewe inainuliwaje? Kuna msuli unaoanzia ndani kabisa ya tundu la jicho, unapita juu ya jicho kuja mbele, kisha unageuka kuwa kano pana, nyembamba kama karatasi, inayojishika kwenye kibao kigumu kilichomo ndani ya kope. Neva ya tatu ya ubongo ndiyo inayouamuru. Chini yake kuna msuli wa pili, mdogo, ambao unaongeza kama milimita 2 tu, na huo unaamriwa na neva nyingine, zilezile zinazokwenda mbio ukishtuka. Wewe unafunga turubai la trela kila safari, kwa hiyo jambo hili utalielewa upesi: turubai likilegea, unatazama kama kamba imekatika, kama ndoano imechomoka, kama turubai limejaa maji, au kama taniboi hakusikia ulipomwambia avute. Huwezi kukata turubai lipungue kabla hujajua ni lipi kati ya hayo.

Kwa uzee, ndoano ndiyo inayochomoka. Kano huvutika, ikabanduka polepole kutoka kwenye kibao chake, huku msuli wenyewe ukiwa na nguvu zake zote. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kope kushuka kwa watu wazima duniani kote, na inawapata pia wanaosugua macho miaka mingi kwa sababu ya mzio, wanaovaa lenzi za kubandika, na baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mkunjo wa ngozi juu ya kope yao hupanda kwenda juu kuliko zamani, au hupotea, na wengi hulalamika zaidi wakisoma, kwa sababu wakitazama chini kope huwafuata na kuziba maandishi. Nikueleze na jambo linalowapotosha hata wahudumu: kope ya namna hiyo nayo hushuka kidogo zaidi jioni, kwa kuwa msuli wa paji la uso ulioisaidia kutwa nzima umechoka. Lakini hushuka kidogo tu, asubuhi hairudi kuwa nzima, na mtu haoni vitu viwili.

Kwenye miasthenia, kamba ni nzima, ndoano ni nzima, na taniboi ana nguvu zake. Amri ndiyo isiyomfikia. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaanza kushambulia milango ambayo msuli hupokelea amri ya neva. Milango iliyobaki inatosha kwa kazi ya asubuhi. Msuli ukitumika tena na tena, amri zinazopita hazitoshi, unalegea. Ukipumzika, unarudi. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huanzia machoni, kwa sababu misuli ya jicho haina likizo tangu unapoamka. Mboni haiguswi kabisa: inabaki sawa pande zote mbili na inasinyaa vizuri kwenye mwanga. Kumbuka hilo, nitalirudia chini.

Kuna mambo unayoweza kufanya hapo nyumbani wiki hii, na yatamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Kwanza simu yako. Siku 5 mfululizo, piga picha ya uso saa 12 asubuhi na nyingine saa 1 jioni, mahali palepale, ukitazama mbele, huku mtu amekubana nyusi kwa kidole gumba zisipande. Usipobanwa, paji la uso litakudanganya. Watu wenye kope nzito huinua nyusi kutwa nzima bila kujua, na ndiyo sababu wengi huja wakilalamikia kichwa kuuma mbele. Tafuta pia picha zako za zamani, hata ile ya kitambulisho cha taifa au ya leseni. Nimewahi kuona mgonjwa aliyeapa kwamba kope yake imeshuka mwaka huu, na picha ya harusi yake ikaonyesha ilikuwa hivyo miaka 20 iliyopita.

Pili, jioni kope ikiwa imeanza kushuka, mwombe mkeo akae mbele yako akutazame. Inua macho, si kichwa, utazame dari kwa dakika 2 bila kupepesa sana. Kama kope inateremka taratibu mbele ya macho yake, hilo liandikeni.

Tatu, barafu. Ile ya muuza samaki itafaa, mradi uitie kwenye mfuko safi na kuizungushia kitambaa. Funga jicho, iweke juu ya kope kwa dakika 2, toa, piga picha papo hapo. Baridi husaidia amri kupita kutoka neva kwenda kwenye msuli, kwa hiyo kope ya miasthenia mara nyingi hupanda milimita 2 au zaidi, halafu baada ya dakika chache inashuka tena. Kope ya uzee haijali barafu. Kipimo hiki hakikosi makosa, na daktari atakirudia mwenyewe, lakini ni cha bei ya kipande cha barafu, na ninakiheshimu sana.

Kliniki, anayejua kazi atashika rula kabla ya kushika kitu kingine. Atakumulika tochi na kupima kutoka katikati ya mboni, pale mwanga unapong'aa, hadi ukingo wa kope ya juu: kwa kawaida ni milimita 4 hadi 5. Atabana nyusi zako, akuambie utazame chini kabisa kisha juu kabisa, apime kope imesafiri kiasi gani. Ikisafiri milimita 12 au zaidi, msuli una nguvu. Ikiwa 4 au chini yake, msuli ni dhaifu sana, na hata aina ya upasuaji inabadilika. Atainua kope yako ya kulia kwa kidole aone kama ya kushoto inashuka. Hili huwashangaza wagonjwa: ubongo hutuma amri moja kwa kope zote mbili, na ile unayoiona nzima inaweza kuwa inashikiliwa juu na bidii unayotumia kuipandisha mwenzake. Atakuambia ufunge macho kwa nguvu, ajaribu kuyafungua. Atatazama jicho linavyokwenda pande zote. Na atatazama mboni kwenye mwanga na gizani.

Mboni ndiyo inayotenganisha kope ya kungoja na kope ya kukimbiza hospitali usiku huohuo. Kope ikishuka ghafla, jicho likavutwa nje na chini, mboni ikawa kubwa kuliko ya pili, na kichwa kikauma vibaya, hapo kuna kitu kinachobana neva ya tatu, na kinaweza kuwa ateri ya ubongo iliyovimba ukuta kama tairi lililotoa uvimbe, karibu kupasuka. Huyo anahitaji picha ya kichwa saa hiyo hiyo. Mboni ikiwa ndogo kuliko mwenzake, hasa gizani, na kope imeshuka milimita 1 au 2 tu, tunafikiri ugonjwa wa Horner, yaani neva za ule msuli mdogo zimeguswa mahali fulani njiani, nao hutupeleka kutafuta shingoni na kileleni mwa pafu, ambako kunaweza kuwa na uvimbe au ateri iliyochanika. Ukija na maumivu ya shingo, nao ni wa dharura. Wenye kisukari na presha hupata kupooza kwa neva ya tatu ambako mara nyingi mboni husalimika, na wengi hupona wenyewe ndani ya miezi 3 hivi, lakini hilo aliseme daktari baada ya kukupima, si jirani. Na kwa wanaoishi karibu na mashamba na misitu: mtu aliyeumwa na nyoka, kope zote mbili zikianza kulegea, ni sumu ya fira au koboko imeingia kwenye misuli, na inayofuata ni misuli ya kupumua. Msisubiri mguu uvimbe.

Yapo na mengine ambayo nitayapita haraka kwa kuwa si yako: ngozi ya ziada inayoning'inia juu ya kope, chunusi kubwa au uvimbe ndani ya kope, makovu ya trakoma kwa ndugu zetu wa Karamoja na Busoga, saratani ya Kaposi, na jicho lililosinyaa nyuma ya kope hata kope ikaonekana imeanguka.

Sasa, kama ni miasthenia. Utachukuliwa damu kutafuta vile vishambulizi vya milango ya msuli. Jibu likionyesha vipo, tumemaliza ubishi. Jibu likionyesha havipo, ubishi haujaisha, kwa sababu kwa wale ambao ugonjwa uko machoni tu, karibu nusu yao damu haionyeshi kitu. Utapigwa picha ya CT ya kifua, kwa kuwa tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua huwa na uvimbe kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10, na uvimbe huo hutolewa. Dawa ya kuanzia huwa ni vidonge vya piridostigmini: huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, husaidia kwa saa chache, na huweza kuleta tumbo kusokota na mate mengi. Isipotosha, hasa kwa kuona viwili, huongezwa prednisoloni au dawa nyingine ya kutuliza kinga. Prednisoloni hupandisha sukari na presha, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo upimwe hayo kabla. Usijinunulie dukani, na ukishaianza usiikatishe ghafla.

Kuna jambo ninalolisema kwa kila mgonjwa wa miasthenia, mara mbili, na ningependa uliandike nyuma ya kadi yako ya hospitali. Dawa kadhaa za kawaida huuzidisha ugonjwa huu, wakati mwingine hadi pumzi inashindwa: kwinini, klorokwini, siprofloksasini, sindano ya jentamisini, azithromaisini, baadhi ya dawa za presha za jamii ya propranololi, na maginesiamu ya sindano. Tazama orodha hiyo vizuri. Ndizo dawa ambazo dereva mwenye homa au tumbo hupewa njiani bila kuulizwa swali. Sisemi ukatae matibabu ya malaria, malaria inaua. Malaria ya kawaida hapa Uganda hutibiwa kwanza kwa artemetha na lumefantrini, na malaria kali kwa sindano ya artesuneti. Sema tu kabla sindano haijajazwa: "Nina tatizo la misuli, huenda ni miasthenia."

Na sababu ya mimi kukushikilia hivi usikimbilie kisu ni mama mmoja muuza samaki wa pale Ggaba. Alikuja kwangu akiwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wa kope mara mbili, mahali ambapo sitapataja. Mara ya kwanza ilipanda, ikashuka baada ya wiki chache, wakakaza zaidi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu jioni. Mimi nilimuuliza, tukapima, tukampa vidonge, na msuli wake ulipopata nguvu kope iliyokazwa mara mbili ikakwea juu mno. Akawa halifungi jicho akilala. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikauka ikapata kidonda, na tulipomaliza kumtibu lilikuwa limebaki kovu jeupe mbele ya mboni. Alikuwa ameuza mtumbwi kulipia upasuaji ule. Kwa hiyo uliponiandikia habari ya ng'ombe nilimkumbuka yeye.

Kope ikithibitika kuwa imeshuka kwa kano, upasuaji ni tiba nzuri, na sitaki msomaji mwingine mwenye tatizo hilo aogope. Hufanywa kwa ganzi ya sindano, mgonjwa akiwa macho, na hilo lina maana yake: katikati ya kazi anaombwa afungue macho, pengine aketi, ili kope zilinganishwe. Daktari hupasua kwenye mkunjo wa asili, anaitafuta kano, anairudisha mbele na kuishona kwenye kibao chake. Wengine, ambao kope hupanda kwa tone la fenilefrini, dawa inayoamsha ule msuli mdogo, hufanyiwa kwa ndani ya kope bila kovu la nje. Ambao msuli wao ni dhaifu kabisa, kope huning'inizwa kwenye msuli wa paji la uso kwa uzi wa silikoni au kwa utando uliochukuliwa pajani. Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, uvimbe huchukua wiki 2 au zaidi, na umbo la mwisho usilihukumu kabla ya wiki 6. Kutolingana hutokea, na baadhi ya watu hurudi kurekebishwa. Daktari asiyekuambia hilo kabla ya kupokea pesa, muulize mwenyewe. Muulize pia: umepima msuli wangu milimita ngapi? Jicho langu litafungika? Kama mtu amekutajia bei kabla ya kushika rula, huyo bado hajajua anakata nini.

Lipo tone jipya pia, oksimetazolini ya asilimia 0.1, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa kope zilizoshuka ukubwani. Linaamsha ule msuli mdogo na kupandisha kope milimita moja hivi kwa saa kadhaa. Haliponyi chochote, na kwa mtu ambaye sababu haijajulikana linaweza kuficha dalili. Usimwagize mtu akuletee.

Miwani inaweza kufungwa kijiti chembamba kinachoishikilia kope, na kwa mwenye miasthenia anayengoja dawa zishike inasaidia, mradi asikae nayo muda mrefu jicho likakauka. Chale usirudie. Wembe ulipita wapi kabla yako hujui, na dawa ya majani ikiteremka ndani ya jicho nimeiona ikitoboa konea. Namheshimu yule mama kwa nia yake ya kukusaidia, lakini ugonjwa huu hauko kwenye ngozi ya nyusi.

Kuhusu usukani, najua ninachokuomba. Usiendeshe usiku mpaka uonwe, na mchana ukianza kuona viwili, simamisha gari. Kuziba jicho moja kutaondoa ile taa ya pili, lakini kutakupunguzia pia uwezo wa kupima umbali wa kilicho mbele yako, na trela halisamehe hilo. Mwonyeshe tajiri wako picha za asubuhi na jioni. Mlevi haamki na kope nzima halafu ikamshuka saa ileile kila siku, na picha zitakusemea.

Wengi ambao ugonjwa huu hutoka machoni na kuenea mwilini, hilo hutokea ndani ya miaka 2 ya kwanza, nawe uko mwezi wa nane. Chakula kikianza kukukwama kooni, sauti ikatokea puani, shingo ikashindwa kubeba kichwa, au ukakosa pumzi ukilala chali, usisubiri miadi yoyote. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, mchana au usiku.

Kwa sasa huna haja ya kuanzia Kampala. Hapo Tororo, karibu nawe, kuna hospitali ya macho ya Benedictine. Anzia hapo, wakuandikie rufaa kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, kwa daktari wa neva na kwa CT kama watakavyoona. Nadhani najua pia kwa nini kliniki zile mbili hazikuona kitu: kama walikuona saa 3 asubuhi umetoka kulala, walitazama jicho zima. Safari hii omba uonwe alasiri. Wakikuita mapema, toa simu uwaonyeshe picha, kisha uwaombe wakuruhusu ukae hapo kwenye benchi, uitazame dari dakika 2 mbele yao.